"Polisi wanakamata, mahakama inaachia": tuangalie kinachotokea katikati

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye safu ya barua nijibu lawama inayorudiwa kila mshtakiwa wa kesi kubwa anapotoka mahakamani akiwa huru: kwamba polisi wanakamata na mahakama inaachia. Maneno hayo husemwa na wananchi waliochoshwa na uhalifu, na viongozi, na mara nyingine na askari wenyewe. Uchungu ulio nyuma yake ni wa kweli, hasa kwa familia iliyopoteza mtu. Hata hivyo lawama imepelekwa pasipo mahali pake. Hakimu hakuwapo tukio lilipotokea, wala haruhusiwi kwenda mtaani kuulizia. Anachokiona ni kile tu kilichokusanywa, kikaandikwa, kikatunzwa na kuletwa mbele yake. Sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanyika ndani ya siku ya kwanza au ya pili, na mara nyingi hufanywa na askari mwenye cheo cha chini kabisa katika mfumo mzima wa haki jinai, usiku, bila mtu wa kumwelekeza.

Nianze na jambo linalochanganya wengi. Kumkamata mtu, kumshtaki na kumtia hatiani ni hatua tatu zenye vipimo vitatu tofauti. Polisi anahitaji sababu za msingi za kushuku ili akamate. Mwendesha mashtaka anahitaji ushahidi ambao, ukiaminiwa, unatosha kumtia mtu hatiani. Mahakama inahitaji kuthibitishiwa pasipo kuacha shaka ya msingi. Askari anaweza kuwa amekamata kihalali kabisa, na mahakama ikamwachia mtu huyo huyo kihalali kabisa. Mfano unaojulikana duniani ni wa O. J. Simpson, mchezaji maarufu wa zamani wa mpira wa Kimarekani huko Marekani. Baraza la wazee wa mahakama, yaani raia wanaoamua kesi, lilimwona hana hatia ya mauaji Oktoba 1995, kisha Februari 1997 baraza jingine, katika shauri la madai juu ya vifo vile vile, likaona anawajibika. Shauri la madai linaamuliwa kwa mizania ya uwezekano, yaani upande upi unaelekea kuwa kweli zaidi, na kipimo hicho ni cha chini sana kuliko cha jinai. Mashauri hayo mawili yalitofautiana kwa mengi, lakini tofauti hiyo ya kipimo peke yake inatosha kuzaa majibu mawili.

Kwa hiyo anayeuliza kwa nini mshtakiwa ameachiwa aanze na swali hili: shaka iliingilia wapi? Ukisoma hukumu nyingi za rufaa, utaona milango ni ile ile. Vielelezo, maelezo ya kukiri, utambuzi wa mtuhumiwa, na muda aliokaa mikononi mwa polisi.

Muda ndio mlango mwepesi kuufunga. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 49, inataka mtu aliyekamatwa afikishwe mahakamani si zaidi ya saa 24, na saa hizo zikiisha nje ya saa za kazi za mahakama, basi kabla ya mwisho wa siku ya mahakama inayofuata. Tanzania nayo inasimamia saa 24. Afrika Kusini ni 48. Uingereza na Wales, chini ya sheria ya polisi na ushahidi ya mwaka 1984, ni saa 24 bila kufunguliwa mashtaka. Kwa makosa makubwa afisa wa ngazi ya juu anaweza kufikisha 36, na zaidi ya hapo lazima hakimu aidhinishe, mwisho kabisa saa 96. Sheria hiyo hiyo iliweka jambo ambalo naliona ni la maana kuliko hesabu ya saa zenyewe: afisa anayesimamia mahabusu asiwe na sehemu katika upelelezi wa kesi ya mtu huyo. Yeye ndiye anayeandika ameingia saa ngapi, ana jeraha gani, nani amemtoa na kumrudisha lini. Ni lazima uhalali wa kuendelea kumshikilia uangaliwe upya kabla ya saa sita kupita, na baada ya hapo kila baada ya saa tisa zisizozidi.

Kosa linalotokea hapa ni dogo na lina gharama kubwa. Askari huandika saa ya kufika kituoni badala ya saa ya kukamata. Mtu amezungushwa kwenye gari tangu alfajiri, kitabu kinasema alikamatwa adhuhuri. Au anahamishwa kituo kimoja hadi kingine, na kitabu cha kituo cha katikati hakina jina lake. Wakili wa utetezi akiviweka vitabu viwili sambamba, pengo la saa saba linaonekana, na upande wa mashtaka hauna shahidi wa kueleza mtuhumiwa alikuwa wapi katika saa hizo. Kuanzia hapo, kila alichosema baada ya pengo hilo kina kivuli juu yake.

Niingie kwenye vielelezo, maana hapa ndipo kesi nyingi zenye ukweli ndani yake hufa.

Kielelezo kina maisha yake: kinakamatwa, kinawekewa alama, kinafungwa, kinaingizwa kwenye rejista, kinatunzwa, kinakwenda maabara, kinarudi, kinafika mahakamani. Katika kila hatua kuna mkono unaotoa na mkono unaopokea. Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika rufaa ya jinai namba 110 ya mwaka 2007, ilieleza kwa uwazi kwamba mlolongo huo unatakiwa uonekane kwa mpangilio wa wakati, tangu kukamatwa hadi kuletwa mahakamani. Baadaye mahakama hiyo hiyo ilifafanua kwamba karatasi si njia pekee. Ushahidi wa mdomo wa mashahidi waliokishika unaweza kutosha, na kwa vitu visivyobadilishwa kirahisi ukali unapungua. Ufafanuzi huo usimfanye askari abweteke. Unga wa dawa za kulevya uliofungwa kwenye karatasi ya nailoni si pembe ya ndovu. Unabadilishwa kwa dakika moja na hakuna jicho litakalotofautisha.

Kazi huanza kwenye upekuzi. Pale ambapo si dharura, iwepo hati ya upekuzi. Awepo shahidi huru, yaani mtu asiye askari na asiye mtoa taarifa, ambaye anaona kitu kinapotolewa mahali kilipokuwa. Wengi huitwa wakati kitu kimeshawekwa mezani, na wakihojiwa mahakamani wanasema ukweli huo: waliona kitu mezani, hawakuona kilikotoka. Hati ya ukamataji mali ijazwe pale pale, iandikwe saa, isainiwe na mwenye nyumba, shahidi na afisa. Maelezo ya kitu yawe ya kukitenganisha na vingine vyote vya aina yake. Kuandika "simu moja nyeusi" ni sawa na kutoandika kitu, wakati simu ina namba ya utambulisho yenye tarakimu 15. Silaha ina namba yake. Noti zina namba zake. Pikipiki ina namba ya fremu na ya injini. Hati iliyojazwa kituoni kesho yake hugundulika kirahisi kuliko wengi wanavyodhani: kalamu moja, mwandiko mmoja uliotulia, na saa ya kukamata ambayo shahidi wa mtaani anaikana.

Dawa za kulevya zina mtego wa uzito. Zipimwe mtuhumiwa akiwapo, uzito uandikwe pamoja na kipimo kilichotumika, kifurushi kifungwe kwa lakiri na wote waliopo wasaini juu ya mkunjo, ili lakiri isiweze kufunguliwa bila saini kukatika. Bhangi mbichi hupungua uzito inapokauka. Asiyeliandika hilo mapema, wala kumtayarisha mkemia alieleze, atajikuta na kilo kumi na mbili kwenye hati ya ukamataji na kilo tisa kwenye ripoti ya maabara. Sababu ya tofauti ni maji tu. Lakini mahakamani tofauti isiyoelezwa ni shaka, na shaka ni mali ya mshtakiwa.

Nguo zenye damu zikaushwe kwa hewa, mbali na jua kali na moto, kisha kila moja iwekwe peke yake kwenye bahasha au mfuko wa karatasi. Mfuko wa plastiki hufungia unyevu, bakteria huzaana, na vinasaba huharibika. Katika kesi ya Simpson niliyoitaja, utetezi ulitumia kosa hilo hilo: sampuli za damu zikiwa na majimaji zilifungwa kwenye plastiki na kukaa kwenye gari lenye joto. Kichupa cha damu iliyochukuliwa kwa mtuhumiwa hakikuwasilishwa mara moja. Mpelelezi alikibeba hadi nyumbani kwa mtuhumiwa huyo, ambako wakusanya vielelezo walikuwa bado kazini. Halafu hesabu ya kilichotumika ikaonekana kuwa pungufu kwa takribani mililita moja na nusu ya kile ambacho muuguzi alikadiria kukitoa. Mililita moja na nusu ni matone machache, lakini yalitosha kuwapa utetezi hoja kwamba damu ilipandikizwa. Na askari aliyeshika nguo za marehemu asiende moja kwa moja kumshika mtuhumiwa, wala askari huyo na mtuhumiwa wasipandishwe gari moja. Nyuzi na damu huhama, na zikishahama ni maji yaliyomwagika.

Vielelezo vinavyooza, kama nyama ya porini, vina utaratibu wake, na wengi huuruka. Haitoshi hakimu kuandika amri ya kuviteketeza. Mtuhumiwa apelekwe mbele ya hakimu akiwa pamoja na kielelezo, aulizwe kama ana la kusema, jibu lake liandikwe, picha zipigwe kabla ya kuteketeza. Mahakama ya Rufani ya Tanzania imetupa hati za aina hiyo kwa sababu moja tu, kwamba mshtakiwa hakusikilizwa. Hati ikishatupwa na nyama imeshachomwa, hakuna kilichobaki cha kuonyesha kosa lilikuwa nini.

Ushahidi wa kielektroniki nao unahitaji haraka ambayo wapelelezi wengi hawajaizoea. Mifumo mingi ya kamera za ulinzi hujifuta yenyewe baada ya siku kadhaa au wiki chache, kwa kurekodi juu ya picha za zamani. Barua ya kuomba picha ikiandikwa baada ya mwezi, jibu litakuwa kwamba hazipo. Anayechukua picha aangalie saa ya mfumo na kuilinganisha na saa halisi, kisha aandike tofauti. Saa iliyo mbele kwa dakika arobaini inaweza kumweka mtu asiye na hatia mahali pa tukio, au kumpa mhalifu kisingizio kamili cha kuwa kwingine. Simu iliyokamatwa itenganishwe na mtandao, isiguswe wala kupekuliwa na askari mwenye shauku ya kujua kilichomo, kwa sababu kila kufungua huacha alama ya muda. Mtaalamu anakili kumbukumbu zote, anakokotoa alama ya kidijiti ya nakala hiyo, yaani mfuatano wa herufi na tarakimu unaobadilika nakala ikiguswa, na alama hiyo ndiyo itakayothibitisha miezi minane baadaye kwamba hakuna herufi iliyoongezwa.

Sasa nizungumzie maelezo ya kukiri, jambo linalonisumbua kuliko yote. Katika vituo vingi kukiri kumefanywa kuwa lengo la upelelezi, na mpelelezi akishapata maelezo ya onyo, yaani yale yanayoandikwa baada ya mtuhumiwa kuonywa kwamba yanaweza kutumika dhidi yake, yenye saini ya mtuhumiwa hulegeza mwendo katika mengine yote. Hivyo jengo zima linasimama juu ya nguzo moja, nayo ni nguzo ambayo sheria za nchi nyingi huitazama kwa mashaka. India tangu mwaka 1872 hairuhusu maungamo yaliyotolewa kwa polisi kutumika dhidi ya mtoaji, na sheria mpya ya ushahidi iliyoanza kutumika Julai 2024 imeubakiza mwiko huo. Kenya inakubali maungamo yaliyotolewa mbele ya jaji, hakimu, au afisa wa polisi mwenye cheo ambaye si mpelelezi wa kesi hiyo, na kwa afisa huyo lazima awepo mtu wa tatu aliyechaguliwa na mtuhumiwa. Tanzania inayapokea yaliyotolewa kwa polisi ikiwa ni ya hiari, lakini mahojiano yafanyike ndani ya saa nne tangu mtu aliposhikiliwa, na muda huo unaweza kuongezwa kwa utaratibu hadi saa nane zaidi. Muda wa kumsafirisha kwa ajili ya upelelezi hauhesabiwi, lakini lazima uelezwe kwa ushahidi. Maelezo yaliyochukuliwa siku ya tatu bila maelezo ya kuchelewa huondolewa kwenye kumbukumbu, hata kama kila neno lililomo ni kweli.

Mshtakiwa akidai aliteswa au alilazimishwa, mahakama husimamisha kesi kuu na kuendesha kesi ndogo ndani yake. Mzigo wa kuthibitisha hiari uko kwa upande wa mashtaka. Hapo kitabu cha mahabusu, fomu ya matibabu na picha ya kurekodiwa huwa na uzito kuliko kiapo cha mpelelezi. Mshtakiwa aliyeingia bila jeraha na kupelekwa gerezani na mbavu zilizovunjika ameshashinda kesi hiyo ndogo kabla shahidi hajaapa.

Wapo wanaoamini kwamba asiye na hatia hawezi kukiri. Historia inakataa. Mwaka 1972 London ilishuhudia vijana watatu, mdogo wao akiwa na miaka 14, wakitiwa hatiani katika kesi ya kifo cha Maxwell Confait kwa msingi wa maungamo yao kituoni. Mahakama ya rufaa iliwaachia mwaka 1975, na tume iliyoundwa kutokana na kesi hiyo ndiyo iliyozaa sheria ya mwaka 1984 niliyoitaja juu. Mwaka 1986, katika eneo la Leicestershire, kijana wa miaka 17 alikiri kumuua msichana mmoja kati ya wawili waliouawa katika eneo hilo hilo. Mwanasayansi Alec Jeffreys alipopima vinasaba, akakuta mwuaji wa wote wawili ni mmoja, na si kijana huyo. Yaani mara ya kwanza vinasaba kutumika katika upelelezi wa mauaji, vilimtoa mtu aliyekuwa amekiri. Mwuaji halisi alihukumiwa mwaka 1988. Kama maungamo yale yangepokelewa kama mwisho wa safari, angebaki mtaani.

Sababu za kukiri uongo zinajulikana. Kunyimwa usingizi. Ahadi ya kwenda nyumbani leo. Umri mdogo, ulemavu wa akili, kutoielewa lugha ya anayehoji. Kisha kuna sumu isiyoonekana: mhoji anataja mambo ambayo mwuaji peke yake angeyajua, kama rangi ya kamba au mlango uliovunjwa, mtuhumiwa anayarudia, na maelezo yanasomeka kana kwamba ya mtu aliyekuwapo. Tiba yake ni kurekodi mahojiano yote, tangu salamu ya kwanza. Kurekodi dakika kumi za mwisho, mtu akishakubali, hakuonyeshi chochote kuhusu alivyofikishwa hapo.

Njia nyingine ipo na imejaribiwa. Uingereza tangu mapema miaka ya 1990 inafundisha mahojiano yanayoanza na maandalizi: mpelelezi asome jalada, ajue ana ushahidi gani na anakosa nini. Kisha amweleze mtuhumiwa taratibu na haki zake, amwache atoe simulizi yake yote bila kumkatiza, na baada ya hapo ndipo alinganishe simulizi hiyo na ushahidi, kipande kwa kipande. Mwongo aliyeachwa azungumze kwa saa nzima hujifunga kwa mambo yanayoweza kukaguliwa: alikuwa wapi, na nani, alipanda gari gani. Mwongo aliyepigwa hutoa kile tu kinachosimamisha kipigo. Misingi ya Méndez ya mwaka 2021, inayobeba jina la aliyekuwa mtaalamu maalumu wa Umoja wa Mataifa kuhusu mateso, inaelekeza huko huko.

Kwa wanaohofu kwamba kutupwa kwa maungamo kunafungulia wahalifu milango, waangalie kilichompata Ernesto Miranda mwenyewe, ambaye kesi yake ya mwaka 1966 iliwapa watuhumiwa wa Marekani haki ya kuambiwa kwamba wanaweza kunyamaza na kuwa na wakili. Mahakama ya Juu kabisa ya nchi hiyo ilitengua hukumu yake. Mwaka uliofuata alishtakiwa upya bila yale maungamo, kwa ushahidi mwingine, na akatiwa hatiani tena. Upelelezi wenye miguu mingine hausimami juu ya maungamo peke yake.

Utambuzi wa mtuhumiwa nao umefunga wengi wasiohusika. Katika makosa ya hukumu yaliyofichuliwa kwa vinasaba na mradi wa Innocence Project huko Marekani, unaotetea waliofungwa bila hatia, takribani saba kati ya kumi yalihusisha shahidi wa macho aliyekosea. Mashahidi hao hawakuwa wakisema uongo, waliamini walichokisema. Kesi ya mtu aitwaye Waziri Amani ya mwaka 1980 nchini Tanzania na ile ya Turnbull ya Uingereza mwaka 1976 ziliweka maswali ambayo mpelelezi anapaswa kuyauliza siku ya kwanza: ulimwona kwa muda gani, kwa umbali gani, mwanga ulitoka wapi na ulikuwa mkali kiasi gani, ulimfahamu kabla? Kuandika "kulikuwa na mwanga wa taa" hakutoshi. Taa ya aina gani, imewekwa wapi, upande gani wa uso ulionekana. Na shahidi anayesema alimfahamu mhalifu amtaje jina mapema kabisa, kwa mtu wa kwanza aliyefika na kwa polisi. Jina linalojitokeza baada ya wiki mbili hupoteza uzito.

Kwa asiyemfahamu, lifanyike gwaride la utambuzi. Watu wanaopangwa na mtuhumiwa wasipungue wanane, wafanane naye kwa umri, urefu, mwili na mavazi. Mtuhumiwa achague pa kusimama na aruhusiwe kubadilisha kabla ya kila shahidi. Mashahidi wasimwone kabla, wala wasikutane baada ya kutambua. Afisa anayeendesha gwaride asiwe mpelelezi wa kesi. Kumpitisha mtuhumiwa mwenye pingu kwenye korido mashahidi wakiwa wameketi kwenye benchi kunaua gwaride zima, na picha yake ikisambazwa mitandaoni na jeshi la polisi lenyewe siku ya kukamatwa, gwaride limeshakufa kabla halijapangwa. Nalisema hili kwa uzito, Mhariri, kwa sababu magazeti nayo huchapisha picha hizo.

Si kila kosa ni la polisi. Mwendesha mashtaka naye hupoteza kesi. Tangu uamuzi wa kesi ya Robinson Mwanjisi ulioripotiwa mwaka 2003, inajulikana Tanzania kwamba hati ikishapokelewa kama kielelezo lazima isomwe kwa sauti mahakamani, ili mshtakiwa ajue kilichomo. Hadi leo hati huondolewa kwenye rufaa kwa kutosomwa. Fomu ya matibabu hupokelewa bila mshtakiwa kuambiwa haki yake ya kutaka daktari aitwe ahojiwe. Mashahidi wawili huletwa na maelezo ya polisi yenye sentensi zile zile, hadi makosa ya tahajia, na wakili anauliza swali moja tu: nani aliyanakili ya mwenzake? Haya yote yangeonekana kama jalada lingesomwa na mwanasheria kabla ya hati ya mashtaka kuandikwa, na si baada ya mtu kukaa mahabusu mwaka mzima akisikia kila baada ya wiki mbili kwamba upelelezi haujakamilika. Kukamata kwanza na kupeleleza baadaye kumegeuza mahabusu kuwa chumba cha kusubiri, na wakati huo mashahidi wanahama, wanasahau, wanafariki.

Ninachopendekeza hakihitaji sheria mpya. Kila hukumu inayomwachia mshtakiwa kwa kasoro ya upelelezi irudishwe kwenye kituo kilichopeleleza, isomwe mbele ya askari wote pamoja na waliohusika, na mkuu wa kituo aandike ni hatua gani iliyorukwa na nani atahakikisha hairukwi tena. Leo hukumu huishia kwenye jalada la mwendesha mashtaka. Askari aliyefunga nguo za damu kwenye plastiki hajui kwamba kesi ilifia mikononi mwake, na wiki ijayo atafunga nyingine vile vile.

Na kwa gazeti lako ombi ni hili. Mwandishi anaporipoti kwamba mshtakiwa ameachiwa, asome kurasa za mwisho za hukumu na kuweka kwenye habari sababu aliyoitoa hakimu: kielelezo gani, saa ngapi, saini ipi iliyokosekana. Ni sentensi mbili au tatu tu, na nafasi yake inapatikana hata kwenye habari fupi.

Wako,
Msomaji na mdau wa haki jinai